Kumi Zapita, Ishirini na Tano Zakwama

Bunduki ya .22 inayojilisha yenyewe ikianza kukwama, mwenye nayo huilaumu bunduki. Huipeleka kwa fundi, hubadilisha springi ya bolti, husugua chemba mpaka ing'ae, kisha anarudi uwanjani na risasi ya nne inasimama pua juu kama jana. Mara nyingi mkosaji ni kile kisanduku cha plastiki anachokichomeka na kukichomoa siku nzima bila kukitazama.

Mfano wangu leo ni Ruger 10/22 ya Marekani. Bunduki hiyo moja inatuonyesha namna tatizo la magazini ya .22 lilivyotatuliwa vizuri, halafu namna watu walivyolirudisha kwa mikono yao wenyewe kwa kutaka risasi nyingi zaidi.

Tatizo linaanzia kwenye risasi. .22 Long Rifle ilitoka mwaka 1887 katika kiwanda cha J. Stevens huko Massachusetts, na umbo lake ni lile lile mpaka leo. Fataki yake haikuwekwa katikati ya kitako kama kwenye risasi za bunduki kubwa. Imo ndani ya ukingo unaokizunguka kitako, na pini hugonga pale pale ukingoni. Kwa hiyo ukingo hauondoleki. Ganda lina kipenyo cha milimita 5.7 hivi, ukingo una milimita 7 na ushee. Gawanya tofauti hiyo pande mbili, utaona ukingo umechomoza kwa nusu milimita na kitu tu. Nusu milimita hiyo imewatoa jasho wahandisi kwa zaidi ya karne.

Zipange risasi hizo mezani, moja juu ya nyingine. Kwa kuwa nyuma ni nene kuliko mbele, safu itaanza kupinda yenyewe. Ndiyo maana magazini ndefu za .22 zina umbo la ndizi. Kupinda si ubaya. Ubaya ni ukingo wa risasi ya juu kukaa nyuma ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Bolti ikija mbele kuisukuma ya juu, kingo mbili zinashikana, ya juu inamburuta mwenzake, na zote zinasimama njiani.

Bunduki kubwa ingeweza kulazimisha. Hii haiwezi. Katika 10/22 hakuna kufuli inayoishikilia bolti: gesi inalisukuma ganda nyuma, ganda linaisukuma bolti, bolti inalitupa ganda tupu nje, kisha springi inairudisha mbele ichukue risasi nyingine. Nguvu yote ya safari hiyo inatoka kwenye risasi yenye kichwa cha gramu 2.6. Kila msuguano ndani ya magazini unakatwa kutoka akiba hiyo ndogo. Ndiyo sababu magazini mbaya humfanya mtu aamini kwamba springi ya bolti imechoka.

Njia ya zamani ya kuukwepa ukingo ni bomba chini ya mtutu, risasi zikifuatana pua kwa kitako. Marlin Model 60 iliuzwa kwa mamilioni kwa mtindo huo. Bomba halikwami kirahisi, ila kulijaza kunachosha, na mtu anayejaza risasi moja moja huku wenzake wanamsubiri hujiona kama anayehesabu sarafu dirishani benki.

William B. Ruger, aliyeanzisha kampuni yake na Alexander Sturm mwaka 1949, aliitoa 10/22 mwaka 1964 na magazini ya risasi 10 isiyo na safu kabisa. Ndani yake mna rota, gurudumu lenye vishimo, na kila risasi inalala kwenye kishimo chake. Springi ya kujisokota inaizungusha rota, risasi inayofuata inapanda mpaka mdomoni. Kingo hazigusani, kwa hiyo hakuna cha kushikana. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Arthur Savage alitumia rota kwenye bunduki yake mwishoni mwa karne ya 19, na Waaustria wakaiweka kwenye Mannlicher-Schönauer ya 1903, bunduki ambayo W.D.M. Bell, yule mwindaji tembo wa Karamoja, aliwahi kuibeba. Lakini zao zilikuwa bunduki za risasi kubwa, zinazoweza kulazimisha. Ruger ndiye aliyelipeleka gurudumu mahali lilipohitajika hasa.

Mambo mengine mawili katika magazini hiyo huwa hayasemwi, na kwangu yana uzito sawa na rota. La kwanza ni midomo, ile sehemu ya juu inayoishika risasi na kuielekeza chembani. Ni chuma kilichopewa umbo kamili, si plastiki. Pembe ambayo risasi inaingilia chembani imo ndani ya magazini, haimo kwenye bunduki. Ukibadilisha magazini, umebadilisha njia ya kulishia. La pili ni kwamba magazini ya risasi 10 inaingia yote, inalingana na tumbo la bunduki. Hakuna kinachoning'inia, kwa hiyo hakuna cha kugonga meza wala cha kushikwa na mkono wa kushoto.

Sasa ikaja hamu ya risasi 25. Kampuni yenyewe haikutaka kuuza magazini kubwa kwa umma. Mwaka 1989 Ruger aliliandikia Bunge la Marekani akipendekeza magazini zisizidi risasi 15, jambo ambalo wapiga shabaha wengi wa kwao hawakumsamehe. Kuanzia 1994 hadi 2004 sheria ya nchi nzima ilizuia kutengeneza mpya za zaidi ya 10 kwa raia, ingawa bomba la .22 lililofungwa kwenye bunduki liliachwa nje ya katazo. Mwenyewe akijizuia, wengine wakaingia sokoni kila sheria iliporuhusu. Butler Creek walitoa magazini za ndizi za aina mbili, moja yenye midomo ya plastiki na nyingine ya chuma. Wengine wakafuata, hadi ngoma za risasi 50 na zaidi.

Nyingi kati ya hizo zilifanya kazi vizuri zikiwa mpya. Plastiki ina tabia yake. Risasi iliyojazwa inaisukuma midomo juu na nje muda wote, hata magazini ikiwa kabatini, na baada ya miezi midomo inaachama kidogo tu. Risasi inaanza kukaa juu zaidi ya ilivyopangiwa, pua inagonga ukingo wa chemba, na mwenye bunduki anarudi kwa fundi. Kasoro ya aina hiyo jicho haliioni. Inapimwa kwa kulinganisha: weka magazini ile karibu na nyingine inayofanya kazi, kila moja ikiwa na risasi moja tu, uzitazame kwa upande. Pua zikitofautiana kimo, umeshapata jibu.

Ruger ilipokubali hatimaye kutoa ya kwake, BX-25, mwaka 2011, rota ilibidi iachwe; gurudumu la risasi 25 lingekuwa kama kopo la maziwa. Wakarudi kwenye safu iliyopinda, wakaweka midomo ya chuma, na wakabadilisha springi. Hapa ndipo kazi ilipofanyika. Springi ya kawaida ya kujikunja huongezeka nguvu kadiri inavyobanwa. Ikiwa ngumu vya kutosha kuinua risasi ya mwisho kwa haraka, itazibana zile za kwanza zikwaruze bolti; ukiilegeza, za mwisho zinachelewa na bolti inapita juu ya pengo. Springi ya BX-25 ni utepe wa chuma uliojiviringisha kama tepu ya fundi seremala. Unauvuta sentimita tano au ishirini, mvuto wake ni karibu ule ule. Risasi ya 25 na ya 1 zinasukumwa kwa nguvu moja.

Kitu kimoja springi haikiponyi: urefu. Magazini inayoning'inia chini ya bunduki ni wenzo. Ikiegemezwa mezani, au ikishikwa kama mpini, inasukumwa mbele au nyuma na midomo inahama kutoka mstari wa chemba. Nimewaona watu wakiiegemeza hivyo kisha wakailaani kampuni. Wapo wanaochagua BX-15, ya risasi 15, kwa sababu hiyo tu, na sioni kama wamekosea.

Anayechagua leo, basi, aangalie midomo kabla ya idadi. Chuma. Kisha aulize kama magazini inafunguka bila kuvunjwa, maana risasi ya .22 imepakwa nta juu ya kichwa chake, na nta hiyo ikichanganyika na masizi ya baruti huwa gundi. Magazini isiyofunguka ina siku zake. Uwazi wa plastiki unaoonyesha risasi zilizobaki ni pambo zuri; haujawahi kulisha risasi hata moja. Ngoma kubwa mimi sizinunui. Kadiri safu inavyorefuka ndivyo msuguano unavyoongezeka, na nguvu ya bolti ni ile ile ya gramu 2.6.

Baada ya kununua, andika namba kwenye kila magazini kwa kalamu ya rangi. Jambo hili linaonekana la kitoto, lakini bila namba huwezi kujua kama kukwama kunaifuata bunduki au kunaifuata magazini namba 3. Zijaze moja moja, kila ukingo ukikaa mbele ya ule ulio chini yake, na uzijaribu kwa risasi ile ile unayokusudia kuitumia. Risasi dhaifu ya bei nafuu itaifelisha magazini isiyo na kosa. Yenye kasi, mfano CCI Mini-Mag, itaificha mbovu kwa muda.

Na je, 25 zinahitajika? Kwenye mashindano ya Steel Challenge kila mkondo una shabaha tano. Wapiga shabaha wengi hubeba magazini kadhaa za risasi 10 na kubadilisha baada ya kila mkondo, hawana haja ya ndizi. California, New York na New Jersey zimeweka ukomo wa 10 kwa magazini ya kuchomoka, kwa hiyo huko swali limeshajibiwa na sheria. Kenya na Tanzania mambo yanaanza nyuma zaidi, kwenye kibali cha bunduki yenyewe.

Ile ya rota nayo si ya milele. Wengi huisafisha kwa kuinyunyizia dawa bila kuifungua, kwa kuiogopa springi ya ndani. Haina kitisho. Legeza skrubu ya nyuma, toa kifuniko, itoe rota, futa masizi kwa kitambaa kikavu, na usiipake mafuta, maana mafuta hukusanya vumbi. Kazi iko kwenye kurudisha. Skrubu ikiwa imelegea bado, nati ya mbele inazungushwa kidogo kidogo ili springi ipate mkazo, ndipo skrubu inakazwa. Mkazo ukipungua, risasi mbili za mwisho zitapanda kivivu. Ijaze, uzitoe risasi zote kwa kidole gumba, ukisikiliza ya tisa na ya kumi. Zikija kwa mlio ule ule wa za kwanza, irudishe mfukoni.