Msimbo Ambao Karani wa Korosho Angeusoma

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), awe Masasi penye vilima vya mawe au Newala juu ya uwanda wa Makonde, huwa na orodha mbele yake: jina, kilo, daraja. Tangu stakabadhi ghalani ianze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mzigo wa mkulima hupimwa, huandikwa, hupelekwa ghala kuu, kisha mnadani. Malipo yote husimama juu ya orodha ile. Najua Umakonde ukitajwa msomaji hungoja kinyago. Leo nasifu ufundi mwingine, wa kuandika programu inayopita orodha kama hiyo na bado ikasomeka.

Tuseme tunatafuta kilo za daraja la kwanza. Njia ya kale ni kitanzi: weka i iwe sifuri, jumla iwe sifuri, maadamu i haijafika mwisho wa orodha, tazama daraja la mstari wa i, likiwa la kwanza, ongeza kilo zake kwenye jumla, kisha ongeza moja kwenye i. Jibu litatoka sahihi. Ila hiyo i si mkulima wala gunia. Ni hesabu ya mashine, na msomaji analazimika kuibeba kichwani mpaka mwisho.

Mwandishi wa programu za kifunkisheni husema: chukua stakabadhi, chuja za daraja la kwanza, toa kilo, jumlisha. Vitenzi vinne, kwa mfuatano uleule wa kazi yenyewe. Karani asiyejua programu angeusoma msimbo huo akauliza mbona daraja la pili halimo. Sijui kipimo kikubwa zaidi ya hicho.

Kuna pia kujirejea, yaani kitendo kujiita chenyewe, ambako John McCarthy alikupa heshima kubwa katika makala yake ya 1960 kuhusu lugha ya programu ya Lisp. Jumla ya orodha tupu ni sifuri. Jumla ya orodha nyingine yoyote ni kilo za stakabadhi ya kwanza pamoja na jumla ya zilizobaki. Imekwisha. Ni maelezo mazuri mno, lakini kwa orodha ya kawaida ni madaha tu, na lugha ya Python, ambayo isipobadilishwa hugoma kujirejea kunapokaribia mara 1,000, itakwama kwenye AMCOS yenye wanachama wengi. Mahali pake ni vyama ndani ya vyama: chama kikuu kama TANECU ya Tandahimba na Newala, au MAMCU ya Masasi na Mtwara, ina AMCOS ndani yake, na kila AMCOS ina wanachama wake. Hapo kitanzi hutapatapa.

Ubishi mkubwa uko kwenye kukunja, yaani kupita orodha huku umebeba matokeo mkononi. Guido van Rossum, mwasisi wa Python, aliandika mwaka 2005 kwamba ukiacha kujumlisha na mengine mepesi, humbidi ashike kalamu na karatasi ndipo aelewe. Python 3 ilipotoka mwaka 2008, kukunja kulikuwa kumeondolewa kwenye vitendo vya msingi na kuwekwa katika moduli ya pembeni. Namuunga mkono nusu. Kinachobebwa kikiwa kitu ambacho watu wanakijua kwa jina, kama salio linalopelekwa ukurasa unaofuata wa daftari, yeyote aliyewahi kushika hesabu atafuata. Kikiwa namba mbili, orodha na alama ya ndiyo au hapana, hasomi mtu, hata aliyekiandika.

Na kitanzi nisikitukane. Penye kupitia bei za wanunuzi na kuacha papo hapo linapotokea jambo, kitanzi kifupi chenye amri ya kusimama hukishinda kwa uwazi kishada cha vitenzi saba.

Wewe unayeandikia AMCOS ya kwenu programu ya malipo, kabla ya mnada wa kwanza mpe karani ausome msimbo wako kwa sauti. Akikwama kwenye mstari, uandike upya mstari huo. Usimwekee maelezo pembeni.