Pinboli na Bei Isiyotaka Kushuka

Wapo wanaohoji, na hoja yao ina sura ya insafu, kwamba maadamu redio, saa na televisheni zimeshuka bei tangu viwanda vya Asia vilipoanza kuziunda, basi mashine ya pinboli, iliyo mkusanyiko wa mbao, waya na taa, ingepasa kushuka hali kadhalika. Ilhali mashine ya kawaida itokayo leo kiwandani kwa Stern, jirani na Chicago, huuzwa kwa kiasi cha dola 7,000, na zile za toleo maalumu hukaribia mara mbili ya hapo. Jawabu limo ndani ya sanduku lenyewe, na atakaye kulipata hana budi kulifungua.

Chini ya ubao wa mchezo mna takriban sehemu 3,500 na, kwa desturi, waya upatao mita 800, uziunganishao swichi zinazohisi gololi ya chuma ilipopita, taa zinazomwonyesha mchezaji shabaha, na koili za sumaku zinazoirusha mikono ya kupigia. Kila mchezo una ramani yake, kwa kuwa njia za kupandia, shabaha na mashimo hupangwa upya kila mara. Fungu la nyaya lililofungwa kwa ajili ya mchezo mmoja halifai kwa mwingine, na kwa sehemu kubwa kazi hiyo ingali ya vidole na macho ya mafundi.

Katika sehemu zilizo za namna moja, athari ya ng'ambo imekuwa dhahiri. Taa za kale zilikula umeme na kutoa joto lililoichakaza plastiki. Taa za LED, ambazo Asia Mashariki huzizalisha bila hesabu, zikashika pahala pake. Skrini ya nukta za rangi moja ikaondoka, na tangu mwaka 2016 Stern ikatia skrini ya rangi kamili. Hata nyaya zilipunguzwa, kwa kuweka vibao vidogo vya elektroniki karibu na koili na taa, badala ya kuurudisha kila waya kwenye kibao kikuu. Lakini urahisi huo uligeuzwa kuwa taa nyingi zaidi na picha nzuri zaidi, wala haukumfikia mnunuzi kwa sura ya punguzo.

Sababu kubwa ni idadi. Mwaka 1931 Baffle Ball ya Gottlieb, chombo kidogo cha misumari kisicho na umeme, iliuzwa kwa dola 17.50, na zilitoka zaidi ya 50,000. The Addams Family ya mwaka 1992, inayotajwa kuwa ndiyo iliyouzwa kwa wingi kuliko zote katika zama za elektroniki, ilifikia 20,270 tu. Na mwaka 1999 WMS, iliyomiliki majina ya Williams na Bally, iliifunga idara yake ya pinboli. Gharama za usanifu, za kalibu, za programu na za haki ya kutumia jina la filamu hugawanywa juu ya mashine hizo chache, na ujira mdogo wa ng'ambo hauzigusi. Na akiba ya ujira huanza kuliwa na nauli ya shehena yenye uzito wa zaidi ya kilo 110 kwa kila moja.

Jaribio lilifanyika: kampuni ya Homepin, yenye asili ya Australia, iliunda Thunderbirds nchini China, kisha ikahamia Taiwan, na bei za Chicago hazikutikisika. Nami naona ni kheri msanifu akae karibu na mafundi wake, kwani kasoro ya njia ya gololi huonekana kwa kuichezea mashine, nayo hurekebishwa upesi pale anapokuwapo aliyeichora. Basi atakaye kupima kama bidhaa yoyote itashuka bei kwa kupelekwa ng'ambo, na aulize mambo mawili kabla ya kuuliza ujira: zitaundwa ngapi, na je, zitafanana?