Mwaka Mbaya ni wa Nani? Hesabu za Makinda wa Isle of May

Kisiwa cha Isle of May kiko mdomoni mwa ghuba ya Firth of Forth, mashariki mwa Uskoti. Aina tano za ndege wa baharini wanaozaliana hapo zimefuatiliwa kwa miongo kadhaa: mnandi wa Ulaya, shakwe aitwaye kitiweki, gilemoti, rezobili na pafini. Wote huvua katika bahari moja. Makinda wakipungua, je, bahari imewanyima wote, au kuna mmoja mwenye shida yake?

José Lahoz-Monfort na wenzake walilijibu swali hilo mwaka 2013 katika jarida la Ecology, kwa takwimu za 1986 hadi 2009. Njia iliyozoeleka ni kuchukua wastani wa aina zote. Wastani husomeka upesi, ila aina moja ikianguka na nyingine ikipanda, hutulia kana kwamba hakuna lililotokea.

Wao waliyagawa mabadiliko. Mafanikio ya kila aina kwa kila mwaka, katika kipimo cha logiti (kinachogeuza uwiano wa kati ya 0 na 1 kuwa namba isiyo na mipaka), ni jumla ya vitu vitatu: kiwango cha kawaida cha aina hiyo, mtikisiko wa mwaka unaowapata wote, na mtikisiko wa aina hiyo peke yake. Kinachokadiriwa, kwa mbinu za Kibayesi, ni ukubwa wa mtawanyiko wa kila mtikisiko. Tuseme, kwa mfano tu, mtawanyiko wa pamoja ni 0.3 na wa gilemoti peke yake 0.1. Gawa 0.3 kwa jumla yake, 0.4: asilimia 75 ya kupanda na kushuka kwake kunakwenda sambamba na jirani zake. Ndege mwenye mtawanyiko binafsi wa 0.9 atapata asilimia 25 tu.

Hesabu hizo zinasimama juu ya kazi ngumu ya majabalini. Gilemoti hajengi kiota. Hutaga yai moja juu ya mwamba mtupu, na kinda hujitupa baharini akiwa na wiki tatu hivi, kabla hajaweza kuruka, akisindikizwa na baba yake. Mtazamaji hukaa kibandani na picha ya mwamba yenye namba ya kila jozi, akiweka alama. Pafini yumo shimoni. Mtu hulala kifudifudi na kupenyeza mkono kulipapasa yai, na kwa kuwa ndege akisumbuliwa sana anaweza kulitelekeza, shimo hukaguliwa mwanzoni na tena karibu na mwisho wa msimu. Hao wawili na rezobili wana yai moja, basi jibu ni ndiyo au hapana. Kitiweki kwa kawaida hutaga mawili, mnandi matatu, na modeli lazima iwahesabu makinda hao wa ziada, maana mara nyingi ndio hufa kwanza chakula kikipungua.

Ninachokithamini zaidi ni hatua inayofuata: unaingiza sababu unayoishuku, kama joto la bahari, kisha unatazama ni mtawanyiko upi uliopungua. Wa pamoja ukipungua, sababu hiyo inawagusa wote; wa aina moja ukipungua, inamgusa huyo peke yake. Chukua uvuvi wa viwandani wa samaki wadogo wajifukiao mchangani, chakula cha ndege hawa: ulianza karibu na kisiwa mwaka 1990 na eneo likafungwa mwaka 2000; kitiweki, anayeokota chakula juu ya maji, alizaa vibaya katika miaka hiyo. Gilemoti, kwa upande wake, huweza kupiga mbizi zaidi ya mita 100, hivyo hategemei samaki wa juu tu. Wastani ungemgawia gilemoti hasara ya kitiweki.

Ninachokitilia shaka ni mtikisiko wa pamoja kupewa uzito uleule kwa kila aina. Bahari moja haiwabani kwa nguvu sawa mzamiaji na mwokotaji wa juu, na misimu 24 ni michache kuweza kulibaini hilo vizuri. Tena kuna ubora wa chakula. Mwaka 2004 gilemoti waliwaletea makinda wao dagaa aina ya sprati, ila samaki hao walikuwa na nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na uzazi ukaporomoka. Modeli inayopewa wingi wa samaki bila kupewa mafuta yaliyomo mwilini mwao itauona mwaka huo kama mtikisiko usio na maelezo.