Daktari Huwa Nani? Wanawake wa Tiba katika Vitabu Vyetu

Swali la nafasi ya mwanamke katika jamii halikosi kurejea mitihanini, na aghalabu mtahiniwa huwa na jibu kabla ya kukisoma kitabu: mwanamke ni mama, ni mke, ni mtetezi wa haki, ni chombo cha starehe. Ni nadra kumhakiki kwa taaluma yake. Hata anapomtaja Selume wa Chozi la Heri (Assumpta Matei, 2014), humaliza kwa maneno mawili: "ni muuguzi".

Tuanze na sarufi. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu hakibagui jinsia. Msanii akiandika "daktari aliingia", lugha haijasema ni mume au mke. Ni sisi wasomaji tunaomvisha suruali. Ndiyo maana tunasema "daktari wa kike" na "muuguzi wa kiume", lakini ni nani husema "daktari wa kiume"? Mwalimu mwenzangu, waombe wanafunzi wako waiendeleze sentensi hiyo kwa aya moja, kisha uhesabu ni madaktari wangapi watakaopewa majina ya kike.

Waandishi nao wamechangia. Katika Mstahiki Meya (Timothy Arege, 2009) daktari ni Siki na muuguzi ni Waridi. Katika Chozi la Heri daktari ni Ridhaa na muuguzi ni Selume. Mtu atasema fasihi ni kioo cha jamii. Kioo hiki, kwa maoni yangu, kina vumbi. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu katika anatomia ya wanyama mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo. Daktari Miriam Were alitunukiwa Tuzo ya Hideyo Noguchi ya Japani mwaka 2008 kwa kazi yake ya afya ya jamii. Isitoshe, ameandika riwaya. Grace Ogot naye alisomea uuguzi na ukunga kabla ya kuvuma kwa hadithi zake. Wahusika wa aina hii hawakukosekana nchini.

Hata hivyo, si haki kumshusha Selume kwa sababu tu hakupewa cheo cha daktari. Ndoa yake inasambaratishwa na chuki za kikabila baada ya uchaguzi, lakini taaluma yake haiporwi na yeyote. Ndiyo inayompa riziki na sauti. Tena yeye ndiye jicho letu ndani ya hospitali ya umma: kupitia kwake tunauona ufisadi unaowakosesha wagonjwa dawa, naye anaamua kuondoka badala ya kuuzoea. Uamuzi huo una uzito kuliko cheo.

Kwa hiyo mtahiniwa asiandike "ni muuguzi" na kuhamia hoja nyingine. Aonyeshe Selume anajua nini, anaamua nini, na nani anamzuia. Nasi tunaosahihisha tuitunuku alama kamili hoja ya namna hiyo, hata kama haimo katika mwongozo uliouzwa dukani.