Uchumi wa Kungoja: Uhakiki wa Uvumi Kuhusu Kompyuta Zinazochelewa

Utangulizi

Umezuka katika nchi tajiri za viwanda, na sasa katika miji yetu pia, mtindo ambao makada na wanafunzi hawana budi kuuchambua. Mtu ana haja ya kompyuta, na fedha anazo, lakini hainunui iliyopo dukani. Anangoja. Anangoja kwa sababu amesikia kwamba chipu ya kizazi kijacho iko njiani, na kwamba atakayenunua leo atajuta kesho. Tarehe iliyotajwa ikipita bila bidhaa kutoka, uvumi haufi. Huzaa uvumi mwingine wenye tarehe nyingine.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili ni mchezo wa wenye fedha, halistahili nafasi katika jarida la nadharia. Sisi hatukubaliani nao. Mamilioni ya watu wanapoahirisha uamuzi mmoja kwa wakati mmoja, hilo si jambo la mtu binafsi tena. Ni jambo la kijamii, na lina misingi yake katika uzalishaji mali. Maswali ya kujiuliza ni haya: Ni nani anayejua lini bidhaa itatoka? Ni nani asiyejua? Na ni nani anayelipa gharama ya kutojua?

1. Kungoja kulianzia kiwandani

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba wanaongoja ni wajinga. Mwaka 1965 mhandisi Gordon Moore aliandika kwamba idadi ya transista katika chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka, na akatabiri kwamba mwendo huo ungeendelea kwa miaka kumi. Mwaka 1975 aliurekebisha utabiri wake kuwa maradufu kila miaka miwili. Moore alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Intel mwaka 1968.

Watu wameuita utabiri huo sheria, lakini haufanani na sheria ya maji kuteremka bondeni. Ulikuwa ratiba. Viwanda vilipanga mitaji, wahandisi na mashine ili kuitimiza, na kwa muda mrefu viliitimiza. Matokeo yake kwa mnunuzi yalikuwa wazi: kompyuta ilianza kupoteza thamani siku ile ile ilipowekwa rafuni. Aliyenunua mapema alilipa zaidi na kupata kidogo; aliyengoja alilipa kiasi hicho hicho na kupata zaidi. Kwa hiyo kungoja kulikuwa ni akili, tena akili waliyofundishwa wanunuzi na kiwanda chenyewe.

Hapa ndipo lilipo pingano la msingi. Kiwanda kinahitaji mnunuzi aamini kwamba cha kesho kitakuwa bora, la sivyo hatarudi kununua tena. Wakati huo huo kinamhitaji anunue cha leo, la sivyo maghala yatajaa. Uvumi huota katika ufa uliopo kati ya mahitaji hayo mawili.

2. Ahadi kama silaha

Tukiitazama historia, tunaona kwamba wenye makampuni waliligundua pingano hili mapema, na wenye nguvu wakajifunza kulitumia. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza jamii nzima ya kompyuta za System/360, wakati sehemu kubwa ya kazi ilikuwa bado haijakamilika. Programu ya kuziendesha ilichelewa sana, na msimamizi wake, Fred Brooks, alikuja kuandika kitabu kizima mwaka 1975 juu ya taabu za kazi za namna hiyo. Wakati huo kampuni ndogo ya Control Data ilikuwa na mashine yenye kasi kubwa, iliyobuniwa na Seymour Cray. Mnunuzi aliyesikia kwamba IBM inaleta mashine ya kushindana nayo alikuwa na sababu ya kungoja.

Desemba 1968 Control Data ilikwenda mahakamani, ikidai kwamba mshindani wake aliuza mashine za karatasi ili kuwazuia wanunuzi wasije kwake. Januari 1969 Serikali ya Marekani nayo ilifungua kesi dhidi ya IBM kuhusu uhodhi wa soko. Control Data ilipatana na IBM mwaka 1973. Kesi ya Serikali iliburutwa miaka 13, kisha ikaondolewa mwaka 1982. Funzo ni kwamba ahadi ya mwenye nguvu ina uzito wa bidhaa hata kabla bidhaa haijakuwapo.

Kwa mnyonge ahadi hiyo hiyo ni kitanzi. Kampuni ya Adam Osborne ilitoa mwaka 1981 kompyuta ya kubeba ya dola 1,795, ikapata wanunuzi wengi. Mwaka 1983 ilitangaza mashine mpya, na Septemba ya mwaka huo ikafilisika. Katika shule za biashara husimuliwa kwamba tangazo la mapema ndilo lililoiua, kwa kuwa wanunuzi waliiacha ya zamani wakingojea mpya. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kampuni ya Kaypro ilikuwa tayari sokoni na mashine yenye skrini kubwa zaidi, na kompyuta za mtindo wa IBM zilikuwa zinaenea. Ushindani ulikuwa umemkaba Osborne kabla hajafungua kinywa.

Hata hivyo makampuni yalichukua nusu ile iliyoyafaa, yakajifunza kufunga mdomo. Siri ikawa kanuni. Na penye siri kubwa juu ya jambo ambalo watu wanalihitaji, biashara ya kuuza fununu haikosi kuchipuka.

3. Mfano wa Apple

Tuchukue kampuni ya Apple, ambayo wateja wake wamengoja kuliko wengine. Juni 2003 Steve Jobs alizindua kompyuta yenye chipu ya G5 iliyotengenezwa na IBM, ya gigahezi 2, akaahidi kwamba katika miezi 12 ingefika gigahezi 3. Mwaka ulipopita ilifika 2.5. Wateja wa kompyuta za mkononi walingoja G5 yao, na fununu hazikukatika. Haikutoka kamwe; joto la chipu ile halikufaa katika mashine nyembamba. Juni 2005 kampuni ilitangaza kwamba inaiacha jamii nzima ya chipu hizo na kuhamia Intel. Waliongoja miaka miwili walikuwa wakingojea kitu kisichokuwapo.

Baadaye Intel nayo ikakwama. Chipu zake za nanometa 14 zilichelewa kuanzia mwaka 2013, kwa sababu mavuno, yaani chipu nzima zinazopatikana katika kila kisahani cha silikoni, yalikuwa hafifu. Nanometa 10 ilikuwa na msiba mkubwa zaidi. Iliyotazamiwa kufika kwa wingi karibu na mwaka 2016 ilisogezwa hadi 2017, na Aprili 2018 ikasogezwa tena hadi 2019. Sababu zilikuwa za kiufundi kwelikweli: Intel ilikuwa ikichora mistari midogo mno kwa mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanometa 193, ikilazimika kurudia uchoraji mara kadhaa, na kila marudio yaliongeza nafasi ya kuharibu.

Sasa tulinganishe mambo mawili ya kipindi hicho. Kompyuta ya MacBook Pro ya Oktoba 2016 haikuzidi gigabaiti 16 za kumbukumbu, na wateja wengi walikasirika. Hapa kisingizio cha chipu kilikuwa cha kweli: chipu za Intel za wakati ule hazikuweza kutumia aina mpya ya kumbukumbu isiyokula umeme mwingi, na chipu iliyotarajiwa kuleta uwezo huo ilikuwa imekwama kiwandani.

Lakini Mac mini ilitolewa Oktoba 2014 ikiwa na chipu za kizazi cha nne za Intel, na haikuguswa hadi Oktoba 2018, ilipopewa za kizazi cha nane. Vizazi vitatu vilipita katikati, vikauzwa na makampuni mengine. Muda wote huo mashine ya zamani iliendelea kuuzwa kwa bei ile ile ya kuanzia, dola 499. Hapa chipu haikuchelewa. Wenye kampuni waliamua kwamba wateja wa mashine ile wanaweza kukaa. Lakini waandishi wa fununu waliendelea, mwaka baada ya mwaka, kueleza mambo yote mawili kwa sentensi moja: tunangojea chipu.

4. Uvumi kama maandishi

Hiyo ndiyo hatia kubwa ya maandishi ya uvumi. Kutabiri vibaya si hatia, kwani kila mtabiri hukosea. Hatia yake ni kuchanganya kizuizi cha ufundi na uamuzi wa mwenye mtaji, vyote vikaonekana kama hali ya hewa. Mvua imechelewa; chipu imechelewa; hakuna wa kuulizwa.

Tukiyasoma maandishi hayo kama tunavyosoma maandishi mengine, tunaona sifa zake. Mtoa habari hatajwi jina. Vitenzi vyake ni vya huenda na inasemekana. Tarehe ikipita, hakuna hesabu inayotolewa. Na mtu mmoja hayumo kabisa: mfanyakazi. Chipu ya fununu inashuka kama nyota, haina mikono iliyoitengeneza. Haisemwi kwamba betri za kompyuta za mkononi kwa muda mrefu zimetegemea kobalti, ambayo nyingi duniani huchimbwa Kongo, maeneo ya Kolwezi na Likasi, wala kwamba sehemu ya tantali ya mashine hizo hutoka Kivu, penye vita. Wachimbaji wa Kolwezi, ambao wengi wao Kiswahili ni lugha yao, hawangojei kizazi kijacho cha chipu. Wanangojea bei ya gunia.

Lakini haki itendeke. Si kila fununu ni upuuzi. Aprili 2018 shirika la habari la Bloomberg liliandika kwamba Apple inapanga kuachana na Intel na kutumia chipu zake yenyewe kuanzia mwaka 2020. Novemba 2020 zikatoka, zikatengenezwa na TSMC ya Taiwan. Siku ya habari ile hisa za Intel zilishuka. Tuone basi habari ile ile ilivyowafikia watu wa matabaka mbalimbali. Mwenye hisa aliiuza siku hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyehitaji mashine ya kuandikia tasnifu yake hakuwa na la kufanya, maana hakuweza kungoja miaka miwili. Kwa mwenye mtaji fununu ni mali. Kwa mnunuzi wa kawaida ni wasiwasi.

5. Misimamo miwili yenye makosa

Kuna wanaosema kwamba kosa ni la mnunuzi mwenye tamaa, na dawa ni kumfundisha kuridhika. Msimamo huu unamhukumu mtu kwa tabia aliyofundishwa na soko, na kuliacha soko lenyewe.

Kuna wanaosema kwamba kila kuchelewa ni njama. Msimamo huu una sauti ya kimapinduzi lakini hauna uchambuzi. Intel haikuchelewesha nanometa 10 kwa hila; ilishindwa, na kushindwa huko kuliigharimu. Julai 2020 ilipotangaza kwamba nanometa 7 nayo imechelewa, hisa zake zilianguka kwa takriban asilimia 16 kwa siku moja. Anayeona njama kila mahali hataweza kuitambua ile iliyopo.

Msimamo sahihi ni kutenganisha. Kila mara tuulize: Je, kuchelewa huku kumetokana na ukomo wa nguvu za uzalishaji, au na uamuzi wa wenye mali? La kwanza huhitaji subira na ufundi. La pili huhitaji kudai maelezo.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tunaweza kubishana juu ya hekima ya uamuzi ule, na baadaye ulilegezwa. Lakini ulilazimisha swali ambalo leo halisikiki maofisini: mashine hii ni ya kazi gani?

Siku hizi hatupangiwi na tangazo la kizazi kijacho tu. Tunapangiwa na kukatwa kwa kilichopo. Programu ya Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, hukataa rasmi chipu nyingi zilizotangulia kizazi cha nane cha Intel, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ambazo taa zake zinawaka na funguo zake zinabonyea zimetangazwa kuwa zimezeeka. Katika nchi ambayo wanafunzi wengi hununua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, uamuzi huo una uzito kuliko fununu mia za chipu mpya.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, taasisi zetu zinunue kwa kipimo cha kazi, si cha kizazi: ziandike kwanza kazi gani itafanywa, na kwa miaka mingapi, ndipo zitafute mashine. Chombo kinachotimiza kazi hiyo hakina sababu ya kungojewa mrithi wake. Pili, mikataba ya ununuzi idai maandishi juu ya miaka ambayo vipuri na programu vitapatikana, kwa maana hiyo ndiyo tarehe yenye faida kwa mtumiaji, na ndiyo muuzaji asiyopenda kuisema. Tatu, vyuo vyetu vifundishe ukarabati, pamoja na matumizi ya programu huria zinazoweza kuendesha mashine zilizokataliwa.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee, na haraka haraka haina baraka. Methali hizi mbili hazipingani. Zote mbili zinamtaka mtu aongozwe na haja yake. Mwenye kazi ya leo na anunue cha leo kinachomtosha. Asiye na kazi nacho asinunue hata cha kesho. Ratiba ya kiwanda ni ya kiwanda. Yetu tuipange wenyewe.