Waya Ndani ya Moyo

Mshipa unaoulisha moyo una upana wa milimita tatu hivi, na hautulii hata kidogo. Daktari haoni mshipa wenyewe, bali kivuli chake kwenye skrini ya eksirei baada ya kumwaga dawa ya rangi. Kwa miaka mingi kivuli hicho ndicho kilichokuwa hakimu: pakionekana pamebana, panawekwa stenti, yaani kijibomba cha kuuweka mshipa wazi.

Andreas Grüntzig, aliyeupanua mshipa wa moyo kwa puto huko Zurich mwaka 1977, tayari alikuwa akipima shinikizo la damu kabla na baada ya mahali palipobana. Ila mrija aliotumia kupimia ulikuwa mnene, na wenyewe ukawa kizuizi. Miaka ya 1990 Nico Pijls, Mholanzi, na Bernard De Bruyne, Mbelgiji, wakaupatia upimaji huo msingi imara. Siku hizi hufanywa kwa waya wenye unene wa milimita 0.36, na kihisio chake kiko sentimita tatu kutoka nchani.

Mimi huvutiwa zaidi na kazi yenyewe ya mkono. Waya ukifika kwenye mdomo wa mshipa, daktari husimama kwanza. Husawazisha shinikizo la waya na la mrija unaoupitisha mpaka yasomeke sawa, kwani akiiruka hatua hiyo, kila namba inayofuata ni ya uongo. Ndipo anapopavuka taratibu palipobana. Mgonjwa hupewa dawa ya adenosini. Vijishipa vyote hufunguka, damu hukimbia kama ya mtu anayepanda mlima, na kifua huweza kumbana kwa muda mfupi. Sasa shinikizo la baada ya kizuizi hugawanywa kwa lile la kabla yake. Mshipa mzima hutoa 1.0. Ikiwa 0.80 au chini ya hapo, yaelekea moyo unapungukiwa na damu. Kisha waya hurudishwa kwenye mdomo wa mshipa kuona kama vipimo vya waya na mrija bado vinaafikiana. Visipoafikiana, kazi hurudiwa. Naiheshimu mno hatua hii, maana hapa fundi anakikagua chombo chake mwenyewe baada ya kupata jibu, pengine jibu alilolitaka.

Utafiti wa FAME wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 1,005 wa Marekani na Ulaya, ulionyesha jinsi macho yalivyokuwa yakikosea. Katika sehemu zilizoonekana zimebana kwa asilimia 50 hadi 70, ni asilimia 35 tu zilizokuwa zikizuia damu kweli. Waliotibiwa kwa kufuata waya waliwekewa stenti chache zaidi. Baada ya mwaka mmoja, kati yao waliofariki, kupata shambulio la moyo au kurudia matibabu walikuwa asilimia 13.2; kati ya waliotibiwa kwa kufuata picha peke yake, 18.3.

Ujasiri wa fundi huyu huonekana hasa pale anapoutoa waya bila kuweka chochote, ilhali kivuli bado kinatisha kwenye skrini. Katika utafiti wa DEFER, walioachwa hivyo kwa sababu kipimo chao kilikuwa 0.75 au zaidi walifuatiliwa kwa miaka 15, na mashambulizi ya moyo yalikuwa machache kwao kuliko kwa wenzao waliotibiwa wakiwa na kipimo kama hicho.