Vazi la Portia na Kifua Kilichobanwa: Maoni Juu ya Neno "Kujigeuza"

Tangu Julius K. Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, wahakiki wamelijadili sana jina la tafsiri hiyo. Wamejiuliza kwa nini mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa mabepari wengi, na mjadala huo umekuwa na faida. Lakini limo jambo jingine katika tamthilia hiyo ambalo limepitwa haraka mno: mwanamke anavaa mavazi ya kiume, anasimama mbele ya mahakama, na anaaminiwa. Darasani jambo hilo huelezwa kwa neno moja tu, kujigeuza, kisha mwalimu huendelea na hukumu. Neno hilo linamfaa Portia. Tatizo ni kwamba wasomaji wamelitoa jukwaani na kumvika mtu mwingine kabisa, yaani mwanamume ambaye alipozaliwa aliandikishwa kuwa mwanamke, na ambaye kila asubuhi hubana kifua chake ili matiti yasionekane. Huyo hajigeuzi, na uhakiki unaomwita hivyo umekosea kusoma.

Katika tendo la tatu Portia anamweleza Nerissa mpango wake. Watavaa kama vijana wa kiume. Atachukua jambia, atapiga hatua ndefu, ataipa sauti yake mkwaruzo wa mvulana anayebalehe, na atasimulia uongo juu ya mabibi waliompenda wakakataliwa. Ni orodha ya mtu anayejua kuigiza, na imejaa dhihaka kwa wanaume. Kifua hakitajwi. Sababu ni nyepesi: katika London ya miaka ya 1590 nafasi za kike jukwaani zilichezwa na wavulana, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kubana. Vazi la Portia ni la siku chache, lina kusudi moja, na katika tendo la tano siri yake inafunuliwa kwa kicheko. Anayejigeuza anajua atarudi nyumbani akiwa nani.

Tafsiri ya Kiswahili inaleta jambo ambalo matini ya Kiingereza haina. Kwa Kiingereza, Mtawala wa Venisi hana budi kumtaja wakili yule kwa kiwakilishi cha kiume, na mtazamaji anayeijua siri hufurahi. Katika Kiswahili yeye ni yeye, na kiambishi a- hakimwulizi mtu jinsia yake. Furaha ile ndogo inapotea, wala mfasiri hana lawama. Jinsia katika Kiswahili hukaa kwingine: katika bwana na bibi, na hasa katika kitenzi, kwani mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kiambishi kimoja cha kutendwa kinabeba mzigo ambao Kifaransa huutawanya karibu katika kila sentensi.

Msomaji wa Yahuma ana nafasi nzuri ya kuliona hilo. Huko Kiswahili cha wasafiri wa Kisangani hukutana na Lingala, nayo pia husema ye bila kutenga mume na mke. Kijana aliyebana kifua na kuvaa shati pana anaweza kununua mihogo, kupanda mtumbwi na kuwaamkia wazee kwa lugha hizo mbili, na sarufi isimsaliti. Kifaransa cha ofisini humkamata kwenye kivumishi cha kwanza. Kadi ya mpiga kura, ambayo nchini Kongo imezoeleka kutumiwa kama kitambulisho, ina herufi moja ya jinsia, M au F. Askari wa kizuizini huitazama herufi hiyo, kisha huutazama uso.

Pamoja na hayo, sarufi isiyobagua haikuzuia msamiati kubagua. Neno jikedume, ambalo wengi hulitumia kwa mtu wa namna hii, limeundwa kwa maneno mawili ya mifugo, na linaanza na jike. Kwa hakika lilikusudiwa mwanamke shupavu, mwenye nguvu au ubishi. Kumpa mwanamume huyu ni kumrudisha kule kule alikotoka. Kujifanya ni baya zaidi, maana lina uongo ndani yake. Magazeti ya Afrika Mashariki yamependa kusema aliyebadili jinsia. Usemi huo una heshima, na hadi lipatikane bora unafaa kutumika, lakini nao unadai kwamba palikuwa na mabadiliko, ilhali mwenyewe mara nyingi husema kwamba hakubadili kitu isipokuwa nguo na jina. Kinachobadilishwa baadaye, akipata njia, ni mwili.

Kubana kwenyewe kunastahili maelezo, maana hapo ndipo mfano wa Portia unapovunjika. Wenye uwezo hununua fulana maalumu ya kubana. Wasio nao hutumia bendeji, mkanda wa kitambaa, au fulana mbili ndogo zilizovaliwa pamoja. Bendeji ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huzidi kukaza kadiri mtu anavyopumua na kutembea, na inaweza kuumiza mbavu. Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kutobana zaidi ya saa 8 hivi kwa siku, na kutolala na kibano. Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017, ambao watu 1,800 wanaobana walijibu, zaidi ya 97 katika kila 100 walitaja angalau dhara moja: maumivu ya mgongo, joto, kukosa pumzi, ngozi kuwasha. Mtu aweza kuwaza hali hiyo ilivyo kwenye joto la unyevu la msitu wa Tshopo, tena kwa mfanyakazi wa shambani. Kiswahili humwita mtunza siri mtu mwenye kifua. Huyu anakuwa nacho kwa maana zote mbili, na pumzi yake ndiyo inayolipa. Hakuna anayevumilia hayo kila siku, miaka kumi, kwa ajili ya mchezo.

Tofauti ya pili iko katika kufunuliwa. Portia anajifunua mwenyewe, saa aitakayo, nyumbani kwake Belmont, akiwa na barua mkononi ya kuthibitisha maneno yake. Nchini Uganda, mwezi Julai 2005, viongozi wa mtaa waliingia nyumbani kwa Victor Mukasa, mtetezi wa haki anayejulikana hadharani kuwa mwanamume wa aina hii, wakachukua hati zake. Yeye hakuwapo. Mgeni wake alipelekwa kituoni, na huko akavuliwa nguo ili ionekane ni wa jinsia gani. Mukasa na mgeni huyo walikwenda mahakamani, na tarehe 22 Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zao zilivunjwa, akaamuru walipwe fidia. Hapa nguo zilivuliwa na mikono ya wengine, na kilichotafutwa chini yake kilikuwa kifua. Tamthilia za kujigeuza hazina tukio kama hilo, kwa kuwa lingeua kichekesho.

Hata hivyo Mabepari wa Venisi si kitabu cha kuwekwa kando. Mandhari ya mahakama ina vifua viwili. Kimoja ni cha Antonio, ambacho anaamriwa akiweke wazi, maana ratili ya nyama itakatwa karibu na moyo. Kingine kiko ndani ya joho la wakili, wala hakuna anayekiuliza. Na wakili huyohuyo ndiye anayemwuliza Shylock kama amemweka tayari tabibu, kwa gharama yake mwenyewe, wa kuzuia damu ya Antonio. Shylock anajibu kwa kuuliza kama jambo hilo limeandikwa katika mkataba. Wahakiki wameona hapo ukatili wa Shylock, na ni kweli upo, lakini swali la nani amlipe mpasuaji limeachwa bila kujadiliwa.

Kwa mwanamume anayebana, swali hilo ndilo zito kuliko yote. Kuondoa matiti si kazi ngeni kwa madaktari, kwani hufanywa kwa ajili ya saratani; ugumu uko katika kibali, safari na bei. Portia ana mali, na yuko tayari kutoa dukati 6,000 kulipia deni la 3,000 bila kusita. Marekani upasuaji wa kifua hugharimu maelfu ya dola, na mara nyingi hupita 5,000. Tuseme mtu wa Yahuma aingie katika likelemba ya watu 20, kila mmoja akitoa dola 10 kwa mwezi. Zamu yake itamletea dola 200 bila kuulizwa za nini, na hiyo ni neema kubwa kwa mwenye siri. Lakini likelemba hukusanya tu, haiongezi. Kama dola hizo 10 ndizo akiba yake yote, na bei ikabaki 5,000, atazifikisha baada ya miezi 500, yaani miaka 41 na miezi 8.